Darasa la Jioni la GMAT Mjini Mwanza: Somo la Thamani Kamili

Kwa wiki sita nilihudhuria darasa dogo la maandalizi ya mtihani wa GMAT (wa kujiunga na masomo ya uzamili ya biashara) lililoko upande wa Capri Point, na kilichonishawishi kulisifu ni jinsi mwalimu anavyofundisha maswali ya utoshelevu wa taarifa (yanayouliza kama taarifa mbili, kila moja peke yake au zikiunganishwa, zinatosha kupata jibu), hasa yale yenye thamani kamili, yaani umbali wa namba kutoka sifuri, unaoandikwa |x|.

Alituuliza: x ni ngapi? Taarifa ya kwanza ilisema |x| = 2x − 6, na ya pili |x − 3| = 3. Wengi wetu tulikimbilia kuziunganisha, kwa kuwa kila moja ilionekana kutoa majibu mawili. Mwalimu alitutaka turudishe kila jibu kwenye mlinganyo wake. Taarifa ya pili inatoa 6 na 0, na yote mawili yanakubalika, hivyo haitoshi. Ya kwanza inatoa 6 na 2, lakini 2 haikubaliki, kwa sababu 2 × 2 − 6 ni −2, na umbali hauwezi kuwa hasi. Kwa hiyo taarifa ya kwanza pekee inatosha. Kwangu mimi, nusu saa hiyo ilistahili ada yote.

Upungufu upo: mazoezi ya kupimwa muda ni machache mno, ilhali sehemu yenye maswali haya ina maswali 20 kwa dakika 45. Vyumba ni safi, na vitabu vinatosha.