Submittable kwa anayetuma hadithi na mashairi kwenye majarida: mapitio ya upande wa mwandishi

Anayetuma kazi kwenye majarida ya fasihi ya Kiingereza hafiki mbali kabla hajakutana na Submittable, mfumo wa mtandaoni wa kutuma na kupokea kazi. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 2010 mjini Missoula, jimbo la Montana, Marekani, na mwanzoni mfumo wake uliitwa Submishmash. Jarida linaweka fomu, mwandishi anajaza na kupachika faili, wahariri wanasoma na kujibu humo humo. Kufungua akaunti ya mwandishi ni bure.

Hukumu yetu tuitoe mapema: kwa kutuma, mfumo ni mzuri na unaaminika. Kwa kufuatilia na kupanga pa kutuma, haujitoshelezi, na mwandishi anayeutegemea peke yake atakuja kuumia.

Uzuri wake mkubwa ni kumbukumbu. Kila ulichotuma kinabaki kwenye orodha yako: jina la jarida, kichwa cha kazi, tarehe, hali yake, na faili lenyewe kama lilivyotoka mikononi mwako. Thamani ya jambo hili huonekana miezi minane baadaye, mhariri anapoandika kwamba hadithi ameipenda ila aya ya mwisho ya ukurasa wa 4 inamtatiza, na wewe tangu siku ile umeshaiandika upya mara tatu. Unafungua, unapakua, unaiona aya ile ile anayoisema. Aliyetuma kwa barua pepe atachakura kikasha chake nusu siku.

Wengi huanza na fomu. Anza na faili. Majarida mengi ya hadithi hukubali mpangilio unaojulikana kwa jina la mwandishi William Shunn: herufi za ukubwa wa 12, Times New Roman au Courier, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo ya inchi 1 pande zote, jina na mawasiliano juu kushoto kwenye ukurasa wa kwanza, idadi ya maneno juu kulia, kisha kila ukurasa unaofuata una jina la ukoo, neno la kichwa na namba. Mwanzo wa aya uingizwe ndani kwa mpangilio wa aya, si kwa kubonyeza nafasi mara tano, maana nafasi hizo huvurugika faili likifunguliwa kwenye programu nyingine. Mashairi kwa kawaida huwa 3 hadi 5 ndani ya faili moja, kila shairi na ukurasa wake. Shairi ambalo umbo lake linategemea nafasi ndani ya mstari litume kwa PDF, kama jarida linairuhusu.

Jarida likisema linasoma bila majina, kufuta jina ukurasa wa kwanza hakutoshi. Jina lako limo pia kwenye taarifa za faili, pale programu ya kuandikia ilipolihifadhi yenyewe, na pengine kwenye jina la faili. Hapo ndipo watu wengi huenguliwa, na kosa si uandishi.

Kwenye fomu yenyewe kuna mtego mmoja: kuchagua kundi. Kila kundi lina fomu yake na mara nyingi wasomaji wake wa kwanza. Hadithi ya maneno 900 ikiingia kwenye fomu ya hadithi ndefu, inaangukia mezani kwa watu wasioitafuta. Soma kikomo cha maneno cha kila kundi kabla ya kubonyeza. Barua ya utangulizi iwe fupi: kichwa, idadi ya maneno, kama kazi iko pia kwa jarida jingine, kisha wasifu wa maneno kama 50 kwa nafsi ya tatu. Usieleze hadithi inahusu nini. Mhariri anataka kukutana nayo yenyewe.

Kisha lifungue faili ulilopachika, ulitazame, ndipo utume. Likishaondoka huwezi kulibadilisha mwenyewe; ni lazima jarida likufungulie. Ukiona umetuma rasimu ya zamani, andika ujumbe mfupi ndani ya kazi hiyo hiyo, omba mara moja tu. Ukiona ni herufi moja iliyokosewa, iache. Herufi moja haiangushi hadithi nzuri.

Sasa hali za kazi, jambo linalowanyima watu usingizi kuliko yote. "Received" maana yake imepokelewa na hakuna hatua iliyochukuliwa kwenye mfumo. "In-Progress" maana yake kuna mtu amefanya kitu: ameipangia msomaji, ameipigia kura, au ameihamisha. Basi. Haimaanishi umepita mchujo wa kwanza. Kuna jarida linalogawa kazi zote kwa wasomaji siku ya kwanza, hivyo zote zinabadilika pamoja. Na kuna jarida ambalo wahariri wanapakua kila kitu na kusomea nje ya mfumo, kazi inakaa "Received" miezi sita kisha inakubaliwa siku moja. Maneno ni yale yale, lakini kila ofisi inayatumia kivyake. Hapa tunaulaumu mfumo kidogo: unamwonyesha mwandishi alama ya kazi za ndani za ofisi bila kumpa namna ya kuisoma, naye anaamka usiku kuitazama.

Kuondoa kazi kuna kitufe chake, "Withdraw", na ndicho kinacholeta hasara zisizo na sababu. Majarida mengi siku hizi yanaruhusu kutuma kazi moja kwa majarida kadhaa kwa wakati mmoja, kwa sharti kwamba ikikubaliwa mahali uwaarifu wengine mara moja. Kama ni hadithi, bonyeza kitufe, andika sababu kwa sentensi moja, umemaliza. Kama ni mashairi 5 na moja tu limechukuliwa, usikiguse, kwa sababu kitaondoa fungu zima, na ukitaka kuyarudisha manne yaliyobaki utaanza upya, ukilipa ada tena kama ipo. Badala yake ingia kwenye sehemu ya ujumbe ya kazi hiyo, taja kichwa cha shairi lililochukuliwa, na useme mengine bado yapo. Majarida mengine hutaka njia tofauti, kwa hiyo rudia masharti yao kwanza.

Ada. Dola 3 kwa kazi moja ni kiwango cha kawaida kwa majarida ya Marekani yanayotoza, na mashindano hutoza zaidi. Hadithi moja ikizunguka majarida 20 ya namna hiyo, ni dola 60 kabla hujapata jibu la maana. Kazi ikikataliwa au ukiiondoa, usitarajie fedha kurudi. Tunaamini mwandishi hapaswi kuanza na yanayotoza. Poetry la Chicago, lililoanzishwa na Harriet Monroe mwaka 1912, halitozi na linawalipa waandishi wake. Clarkesworld, la hadithi za kubuni za sayansi, vivyo hivyo. Malizia kwanza milango kama hiyo.

Kuna pia kikomo cha idadi. Baadhi ya majarida hupokea kazi chache tu zisizo na ada kila mwezi, na zikifika idadi hiyo fomu hufungwa hata kama tangazo lilisema mwezi mzima. Ndiyo maana anayejua hutuma siku ya kwanza au ya pili, faili likiwa tayari tangu wiki iliyopita.

Upungufu mkubwa wa Submittable ni kwamba haimwambii mwandishi jarida fulani hujibu baada ya muda gani. Kwa hilo kuna tovuti mbili: The Submission Grinder, iliyoanza mwaka 2013, bure kabisa, na Duotrope, iliyoanza mwaka 2005 na kugeuka ya kulipia mwaka 2013, dola 5 kwa mwezi au 50 kwa mwaka. Zote mbili hukusanya taarifa za waandishi wenyewe: nilituma lini, nilijibiwa lini, jibu gani. Ukifungua ukurasa wa jarida kwenye Grinder unaona mchoro wa siku za kujibiwa, na hapo ndipo faida ilipo. Kama majibu mengi ya kukataliwa yameangukia kati ya siku ya 20 na ya 40 na yako imefika siku ya 75, huenda inasomwa kwa makini, au imekwama. Vyovyote iwavyo, bado si wakati wa kukata tamaa.

Asilimia za kukubaliwa, hata hivyo, zisomwe kwa tahadhari. Aliyekubaliwa hukimbilia kuandika. Aliyekataliwa mara ya kumi na mbili husahau. Kwa hiyo namba zinaelekea kuwa za juu kuliko hali halisi. Kwa mwandishi wa hadithi, Grinder inatosha. Anayeandika mashairi na insha na kutafuta majarida mengi mapya, Duotrope inaweza kustahili mwezi mmoja wa kulipia, apekue, aandike orodha yake, kisha asitishe.

Si majarida yote yako Submittable. Mengi ya hadithi za sayansi hutumia mfumo wa Moksha, mengine barua pepe, na Clarkesworld lina mfumo wake. Ni jarida hilo lililofunga upokeaji kwa muda Februari 2023 baada ya kufurikwa na hadithi zilizoandikwa na akili bandia. Tangu hapo, kisanduku cha kuthibitisha kwamba kazi ni yako kimekuwa jambo la kawaida kwenye fomu. Kisome kabla ya kuweka alama, kwa sababu masharti hayafanani: kuna wanaokataza hata kutumia akili bandia kusahihisha lugha.

Kwa hiyo weka jedwali lako, mstari mmoja kwa kila kazi kwa kila jarida: kichwa, toleo la faili, jarida, njia uliyotumia, anwani ya barua pepe ya akaunti, tarehe, kama linaruhusu kutuma kwingine, tarehe ya kuuliza, jibu. Safu ya anwani si ya mapambo. Ukijisajili kwa anwani mbili, orodha zako zinakuwa mbili, na arifa za ile usiyoifungua zinabaki huko, pamoja na barua ya kukubaliwa. Tarehe ya kuuliza ihesabu kutoka muda ambao jarida lenyewe limeutaja, ongeza wiki 2. Kama halikutaja, ngoja miezi 6, pekua kwanza folda ya barua taka, kisha uliza kwa sentensi mbili.