Kujirekodi safarini juu ya Buffalo: Kisumu hadi Rusinga

Ukizitazama video za wasafiri wa baiskeli utaamini kwamba bila fremu nyepesi, gia kumi na mbili na mikoba maalumu ya kubana kwenye fremu, mtu hawezi kuvuka kaunti. Mimi naendesha baiskeli aina ya Buffalo, ile ile unayoiona ikibeba maziwa na magunia huku magharibi mwa Kenya. Nimetoka nayo Kisumu nikapitia Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay na Mbita mpaka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, nikijirekodi njia nzima bila mtu wa kunishikia kamera. Anayefikiria safari ya namna hiyo, asome kabla hajamwaga pesa kwenye vifaa.

Tuanze na baiskeli. Buffalo ni ya World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, likaanza kwa kugawa baiskeli Sri Lanka kabla ya kuja Afrika. Mmoja wa waanzilishi wake, F.K. Day, ni miongoni mwa walioanzisha pia SRAM, kampuni inayowauzia gia waendeshaji wa mbio. Yaani mwenye gia zake ndiye aliyetuletea baiskeli ya gia moja tu! Uzito wake ni kilo 23 hivi, na keria ya nyuma imeundwa kubeba kilo 100. Spoki ni nene, tairi hazitoboki ovyo, na breki ya nyuma imo ndani ya kitovu cha gurudumu: unakanyaga pedali kinyumenyume, inashika. Hakuna waya wa kukatika wala raba ya kuteleza ikilowa matope. Aliyezoea breki za mkono atasumbuka kidogo mwanzoni, kwa sababu huwezi kurudisha pedali nyuma ili uipange kabla ya kuondoka. Unajifunza kusimama pedali ikiwa tayari juu.

Keria ndiyo iliyonifanya nisinunue mikoba ya wasafiri. Nilichukua mitungi miwili ya mafuta ya kupikia ya lita 20, fundi wa jua kali akaikata upande mmoja, nikaining'iniza kushoto na kulia na kuikaza kwa blada. Kama hujawahi kumwona mtu wa boda ya baiskeli akifunga kreti za soda kwa blada, hujui mpira wa tyubu kuukuu unaweza kufanya nini. Haulegei kwenye mashimo, haupigi kelele, na ukikatika unapata mwingine kwa fundi wa pancha yeyote. Hema na nguo nilizifunika kwa turubai. Zamani ningetia kila kitu kwenye karatasi za plastiki, lakini zilipigwa marufuku 2017, na kusema kweli turubai linashinda.

Hadi Kendu Bay ni lami na tambarare nyingi, na Buffalo inateleza bila kukudai nguvu. Baada ya hapo barabara inaanza kupanda na kushuka, na ndipo kilo 23, mzigo na gia moja vinapokusanyika kwenye magoti. Kuna miinuko niliyoshuka nikasukuma, na sioni haya. Toleo jipya la Buffalo lina gia mbili na cheni mbili, unabadilisha gia kwa kukanyaga pedali kinyume. Kwa njia hii ningechukua hilo.

Sasa kurekodi. Jambo ambalo video za mtandaoni hazikwambii ni hili: kila picha inayokuonyesha ukipita umeilipia mara tatu. Unafika mahali pazuri, unasimamisha kamera, unarudi nyuma, unapita mbele yake ukijifanya huioni, unageuka kuichukua, kisha ndipo unaendelea na safari. Kipande hicho cha barabara umekipita mara tatu. Kwenye baiskeli ya kilo nane huenda ikawa mchezo. Kwenye Buffalo yenye mzigo, unaanza kuchagua kama mtu anayehesabu nauli. Mlima siurekodi kwa namna hiyo hata uwe mzuri vipi. Stendi ya kamera naiweka penye tambarare na kivuli, mbali na senta yenye watu, au namwomba mwenye kibanda aiangalie.

Muda mwingine wote kamera ilikaa kifuani, na hapa Buffalo ilinishangaza. Kwenye baiskeli za mbio mtu huinama, kwa hiyo kamera ya kifuani hutazama gurudumu la mbele tu. Juu ya Buffalo unakaa wima, mgongo umenyooka, na kamera inaona usukani, mikono na barabara yote iliyo mbele. Mwili pia unameza mtikisiko. Nilipoifunga kwenye usukani, barabara ya murram iligeuza picha kuwa tetemeko, na kishikizo cha plastiki cha bei rahisi kikapasuka pale Rusinga. Kamba ndogo niliyoifungia kwenye usukani ndiyo iliyoiokoa kamera. Funga kamba hata kama kishikizo kinaonekana imara.

Kutuliza picha kwa programu ya kamera kunasaidia, ila kuna masharti. Kamera hukata kingo za picha ili ipate nafasi ya kusawazisha, na inahitaji mwanga. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linapochomoza juu ya mashamba ya mpunga ya Ahero, rangi ni za ajabu lakini kila ukigonga shimo picha inakuwa ya ukungu. Wakati huo simama, weka miguu chini, kisha urekodi. Jua letu la ikweta halikusubiri. Kufikia saa moja na nusu uzuri huo umeisha.

Kamera hizi ndogo zina lenzi pana, na upana huo una pande mbili. Flamingo wa Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la volkano karibu na Kendu Bay, walitokea kama vidoa vya waridi visivyo na mguu wala shingo. Nilitoa simu nikavuta karibu. Lakini kwenye kaburi la mwanasiasa Tom Mboya kule Rusinga, ambako kuta haziko mbali, lenzi hiyo hiyo ilichukua kila kitu bila mimi kurudi nyuma.

Sauti ndiyo inayoharibu video nyingi. Ukienda kasi kidogo, upepo unameza maneno. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, yenye kifuniko cha manyoya, ikiunganishwa na simu mfukoni, ilinisaidia kuliko kifaa kingine chochote nilichobeba, na haikuwa ghali. Kuhusu kumbukumbu, piga hesabu: saa moja ya video ya 4K, ule ubora wa juu wa picha, kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula takriban GB 45, kwa hiyo kadi ya GB 128 haifiki saa tatu. Nilipunguza hadi 1080p, ubora wa chini yake, kwa safari ya kawaida na kuacha 4K kwa mandhari. Hakuna aliyelalamika. Pawabenki ya mAh 20,000 ilinitosha kila nilipolala mahali pasipo na stima.

Droni sina. Kanuni za Kenya za 2020 zinataka droni isajiliwe kwanza na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na mtungi umeshajaa.

Kuna jambo moja ambalo si la vifaa. Ufukweni, wanawake walikuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu, nikamuuliza mmoja, "Mama, naweza kurekodi mnavyoanika?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Rekodi omena. Sisi utuache." Nikarekodi omena. Kamera ya kifuani haimwonyeshi mtu kwamba anarekodiwa, kwa hiyo ukifika penye watu izime au uivue.

Kwenda Rusinga, jitahidi uwe umemaliza kilomita nyingi kabla ya saa sita, maana alasiri upepo unatoka ziwani na unakupiga usoni. Kurudi, usirudie barabara ile ile. Feri ya Mbita inavuka hadi Luanda Kotieno, baiskeli inapanda nayo, halafu unafuata Bondo hadi Kisumu, na safari hii upepo wa alasiri unakusukuma mgongoni.