Lango la uhamisho la NCAA: kutoka ni dakika moja, kuingia ni kazi

Kwa kasi, lango hili, yaani mfumo wa NCAA (shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani) wa kuorodhesha wachezaji wanaotaka kuhama, linastahili nyota 5. Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani anayetaka kuhama chuo haombi tena ruhusa ya kocha. Anaiandikia ofisi ya kanuni ya chuo chake, nayo ina siku 2 za kazi kuliweka jina lake kwenye mfumo. Likishaonekana, makocha wa kwingine ruksa kumtafuta. Kabla lango halijafunguliwa Oktoba 2018, chuo kiliweza kumzuia asizungumze na vyuo fulani, na akihama alikaa nje msimu mzima. Tangu Aprili 2024, anayetimiza masharti ya masomo anahama mara nyingi apendavyo na kucheza papo hapo.

Nyota zinaanza kupungua jina likishaingia. Chuo unachokiacha kinaruhusiwa kukukatia ufadhili mwisho wa muhula, na kocha halazimiki kukupokea ukibadili mawazo. Dirisha nalo ni finyu: mwaka 2026 lilikuwa Januari 2 hadi 16, na lile la majira ya kuchipua limefutwa. Tarehe hizo ni za kuingiza jina tu, kusaini unaweza baadaye, lakini muhula wa pili huanza Januari hiyohiyo na ofisi ya udahili haikimbizani na makocha.

Hapo kwenye udahili ndipo wengi wanapokwama, na mawakala hawapendi kupazungumzia. Kanuni inataka mchezaji awe amemaliza asilimia 40 ya shahada anapoanza mwaka wa tatu, 60 wa nne, 80 wa tano. Krediti, yaani vipimo vya masomo uliyokwisha kufaulu, zisizokubaliwa na programu mpya hazihesabiki. Aliyehama mara mbili anaweza kuwa na krediti tele na bado akakosa sifa ya kucheza. Omba tathmini ya krediti kwa maandishi kabla ya kusaini chochote.

Sasa pesa. Wachezaji waliruhusiwa kuuza jina na sura zao Julai 2021. Tangu Julai 1, 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa, kwa kikomo cha dola milioni 20.5 katika mwaka wa 2025-26. Kikomo hicho ni cha michezo yote ya chuo, si futiboli peke yake, kwa hiyo usipige hesabu kwa kugawanya kwa wachezaji 105 wa kikosi. Mkataba na mtu wa nje ya chuo wa kuanzia dola 600 hupelekwa NIL Go, mfumo wa kukagua mikataba hiyo, ambako huangaliwa kama kuna biashara ya kweli na kama bei inalingana na soko. Ahadi ya shabiki tajiri, basi, bado si pesa. Mwaka 2024 kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) Matthew Sluka aliiacha UNLV, chuo kikuu cha Las Vegas, ikiwa imeshinda mechi zote 3 za mwanzo, upande wake ukidai aliahidiwa dola 100,000 kwa mdomo na hakupewa. Upande wa chuo ulikuwa na maelezo mengine kabisa.

Kwenye mkataba, tafuta kwanza kifungu cha fidia ukihama kabla ya muda, kisha tarehe za malipo, kisha ni kwa miaka mingapi wanaokulipa wanamiliki picha yako. Malipo mengi huja bila kodi kukatwa, na kodi ya aliyejiajiri peke yake ni asilimia 15.3 juu ya kodi ya mapato. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, amwone mwanasheria wa uhamiaji kwanza, maana viza hiyo inabana kazi za kulipwa.

Je, mchezo umeharibika? Juu kileleni, hapana. Washindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, wa 2022 hadi 2025, yaani Williams, Daniels, Hunter na Mendoza, wote walikuwa wamehama chuo. Wanaoumia ni vyuo vidogo vinavyolea kipaji miaka miwili kisha kikachukuliwa, na vijana wa sekondari ambao nafasi zao sasa hupewa mtu wa miaka 22 aliyekwisha kucheza.

Kwa kwotabeki anayeanza, nyota 4. Kwa mchezaji anayesugua benchi na ambaye hakuna kocha aliyeonyesha kumhitaji, nyota 2, tena ya pili ni ya ile ofisi inayojibu ndani ya siku mbili.