Elgin na Winter Garden, Toronto: usiishie ukumbi wa chini

Filamu ya muziki Chicago (2002), iliyoongozwa na Rob Marshall, ilipigwa Toronto, Kanada, na Elgin Theatre iliyopo 189 Yonge Street ni mojawapo ya majengo yaliyotumika. Walichagua vizuri. Hadithi ile ni ya miaka ya 1920, enzi za vodevili, yaani maonyesho ya mseto ya nyimbo, vichekesho na sarakasi. Elgin ilijengwa mwaka 1913 kwa kazi hiyohiyo, kwa ramani ya Thomas Lamb, na urembo wake wa plasta na rangi ya dhahabu unatosha bila kuongezewa kitu.

Ila ukienda ukitarajia kukuta mandhari ya filamu, utatoka mikono mitupu. Vitu vya kupigia picha huondolewa kazi ikiisha. Kinachobaki ni ukumbi wenyewe.

Kosa la wageni wengi ni kukata tiketi ya onyesho, kutazama, kisha kurudi nyumbani. Tiketi hiyo hukuingiza ukumbi mmoja tu, na hapa kumbi ni mbili, moja juu ya nyingine! Winter Garden iko ghorofa saba juu, ilifunguliwa Februari 1914. Chini maonyesho yaliendelea mchana kutwa. Juu yalikuwa ya jioni, kwa wenye viti vya kuwekewa. Mwaka 1928 ukumbi wa juu ukafungwa, ukakaa gizani miaka kama sitini, na kufungwa huko ndiko kulikouokoa: hakuna aliyepata sababu ya kuubomoa au kuupaka rangi upya.

Inua macho ukiwa humo. Dari imefunikwa kwa majani ya miti ya kweli na taa zinazoning'inia katikati yake; nguzo zimevishwa umbo la mashina. Katika ukarabati uliokamilika mwaka 1989, yalikusanywa matawi zaidi ya 5,000, yakakaushwa, yakatiwa rangi na dawa ya kuzuia moto. Kuta zilikuwa kazi ngumu zaidi. Zilichorwa kwa rangi za maji, kwa hiyo kitambaa kilicholowa kingefuta michoro pamoja na uchafu. Mafundi walitumia unga wa mkate uliokandwa, mbichi, wakiuviringisha polepole ukutani ubebe masizi. Sogea karibu na ukuta uone maua yalivyobaki na mistari yake.

Kwa hiyo kata tiketi ya ziara ya kuongozwa, ambayo hupitia kumbi zote mbili kwa takriban saa moja na nusu. Haifanyiki kila siku. Hakikisha ratiba mapema. Shuka stesheni ya Queen ya treni ya chini ya ardhi. Ngazi ni nyingi, hivyo mwenye shida ya magoti aulizie lifti wakati wa kukata tiketi. Na ukienda kutazama onyesho Winter Garden, angalia ramani ya viti kwanza: zile nguzo za mashina ni nguzo kweli, na mtu aliyekaa nyuma yake hupoteza sehemu ya jukwaa.