n8n kwenye kompyuta ya chini ya kaunta: uzoefu wangu

Dukani kwetu Biashara Street tunauza leso, na kila siku saa mbili asubuhi ami hutaka kujua zilizotoka jana, za jumla na za rejareja. Nilichoka kumwandikia, nikaamua kazi hiyo ifanywe na n8n, programu ya kuunganisha kazi zijiendeshe zenyewe, iliyoanzia Berlin mwaka 2019. Ukiiweka kwenye mashine yako kwa shughuli za ndani za biashara, hulipi kitu.

Kuisimika ni amri moja tu, `npm install -g n8n`, ukishakuwa na Node, programu inayoiendesha n8n. Nikaiwasha, nikafungua mlango wake (port) 5678 kwenye kivinjari, ikaja. Nikafunga laptopu, nikaenda zangu kula mahamri. Kurudi, imekufa. Kumbe niliiendesha ndani ya SSH, yaani njia ya kuiamrisha kompyuta ya dukani kutoka kwenye laptopu, na nilipokata nayo ikaondoka.

Basi nikaiandikia systemd, sehemu ya Linux inayowasha programu na kuzisimamia, faili la huduma, `/etc/systemd/system/n8n.service`, na hapo jioni nzima ikaniishia. `systemctl status n8n` ilinijibu `203/EXEC`, yaani haikioni cha kuendesha. Kosa langu mwenyewe: Node niliisimika kwa nvm, chombo cha kusimika matoleo ya Node, ambacho hukaa ndani ya folda ya mtumiaji mmoja na kujulikana kupitia `.bashrc`, faili la mipangilio ya terminali ambalo systemd hailisomi. Nami kwenye `ExecStart`, mstari unaotaja programu ilipo, nilibahatisha `/usr/bin/n8n`, mahali pasipo na kitu. Nikaiondoa nvm, nikaweka Node ya mashine nzima na n8n upya, nikauliza ilipo kwa `which n8n`, nikanakili jibu lilivyo. Halafu `systemctl daemon-reload`, ya kuifanya systemd isome faili upya, ambayo niliisahau mara mbili huku nikililaumu faili lisilo na hatia, kisha `systemctl enable --now n8n`, ya kuiwasha sasa na kila kompyuta inapowaka. Ikatoka `active (running)` kwa kijani. Alhamdulillahi.

Ripoti ya kwanza ikaingia saa tisa alasiri.

"Mwanangu," ami akaniuliza, "hii imepitia Lamu kwanza?"

Usipoiwekea majira ya saa (timezone), n8n hufuata ya New York, na mwezi wa Julai saa mbili yao ya asubuhi ni saa tisa yetu ya mchana. Mstari mmoja kwenye faili la huduma, `Environment=GENERIC_TIMEZONE=Africa/Nairobi`, ukamaliza maneno.

Tangu hapo siigusi sana. Juzi stima ilipotea usiku, ikarudi alfajiri; kompyuta ikajiwasha (niliiweka hivyo kwenye BIOS, mipangilio yake ya msingi) na n8n ikaamka nayo. Nilipofika ami alishasoma ripoti na ana maswali.

Ninachokiogopa ni ufunguo ulio ndani ya `.n8n/config`. Ukipotea, nywila ulizoihifadhia n8n hazifunguki tena, hata hifadhidata ikiwa salama. Nimeunakili kwenye flashi, na flashi anakaa nayo ami, ndani ya sanduku la pesa.