TAHADHARI: Dalali wa viwanja Kigamboni, kiwanja kimoja bei mbili

Ndugu zangu mnaotafuta viwanja upande wa Kigamboni, hasa Kimbiji, Mwasonga na Buyuni, someni hili kabla hamjatoa kishika uchumba, yaani hela ya awali ya kushikilia kiwanja. Kama umetumiwa video fupi ya eneo lenye mkorosho mkubwa uliofungwa kitambaa chekundu, na nyuma yake banda la makuti, ishia hapo hapo. Usitume hata shilingi. Eneo hilo nimelikanyaga kwa miguu yangu, na mwenye nalo nimekaa naye.

Mimi nauza vitenge Temeke. Kwa miaka sita sasa, faida nikiipata naiweka kwenye ardhi. Nanunua kiwanja pembezoni bei ikiwa bado chini, nakaa nacho, barabara na umeme vikisogea nauza. Viwili vya mwanzo nilinunua Chanika kupitia dalali mmoja mtu mzima. Siku ya kwanza tu alinikalisha na mwenye mali, bei tukaongea sisi wenyewe, naye akachukua asilimia zake mbele yetu wote wawili. Kwa hiyo sisemi madalali wote ni wezi. Namsema huyu.

Nililetewa na mtu ninayemwamini. Kijana mtanashati, mpole, kila sentensi "dada yangu". Akaniambia yeye yuko upande wangu na atanipigania bei. Kiwanja ni mita 20 kwa 30, kimepimwa, hati ipo. Mwenyewe alitaka milioni 15, ila yeye kamshusha mpaka 12 kwa ajili yangu. Akanitumia na nakala ya hati kwenye simu.

Tulipofika, mzee mwenye eneo alikuwa amekaa bandani anamenya mihogo. Nikataka kusogea nimsalimie na kumuuliza mawili matatu. Dalali akanishika mkono. "Dada, huyu mzee hapendi maneno mengi, ukimgusia bei tu anapandisha. Niachie mimi." Nikatoa shikamoo kwa mbali, nikarudi kwenye bodaboda. Kosa langu kubwa lilikuwa hilo.

Kesho yake simu ikaanza. Kuna mteja anatoka Mbezi na hela mkononi, bila kishika uchumba cha milioni moja kiwanja kinaondoka. Nikatuma kwa simu. Jina lililotokea halikuwa lake wala la mzee, akasema ni laini ya shemeji yake.

Siku ya kuandikishana tulikutana ofisi ya serikali ya mtaa. Mkataba alikuja nao yeye, umeshachapwa, ila kwenye bei pamewekwa nukta nukta. Nikauliza mbona hivi, akasema patajazwa kwa kalamu tukishasaini. Wakati mwenyekiti anatafuta muhuri kwenye droo, mzee akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, hizo saba na nusu utanipa zote leo, au kidogo kidogo?"

"Saba na nusu gani, baba?"

"Milioni. Kaka yako si kaniambia umejibana, huna zaidi ya hapo? Nami nikaona basi, maadamu ni dada yake."

Ofisi nzima ilinyamaza. Mwenyekiti akabaki na muhuri mkononi.

Kumbe mzee kaambiwa mimi ni dada wa damu wa dalali. Kaambiwa pia asiniongeleshe mambo ya bei, eti mimi mtu wa hasira. Milioni nne na nusu zilikuwa zinapita katikati yetu kwenda mfukoni mwake, na juu ya hapo alishakubaliana asilimia kumi na mimi, na asilimia kumi nyingine na mzee. Ile milioni yangu ya kishika uchumba mzee hakuwahi hata kuisikia.

Kijana hakutetereka. "Hicho ni cha juu, dada. Biashara ndivyo ilivyo."

Hapana, sivyo. Ukiuza chako, weka faida unayotaka. Lakini ukiniambia mimi unanipigania, ukamwambia mzee unamtafutia mteja, halafu ukatuzuia tusisemezane, huo ni wizi. Na kwa upande wa bei mimi ningepona, maana ningebaki na ardhi ya milioni 12 niliyoikubali mwenyewe. Mzee ndiye anayeniuma. Alikuwa anauza kwa ajili ya deni la matibabu ya mkewe, na zaidi ya theluthi ya thamani ya shamba lake ilikuwa inaliwa mbele ya macho yake.

Nikamuuliza mzee habari za hati. Akashangaa. "Hili shamba la marehemu baba, halijapimwa. Sijamwambia mtu lina hati." Ile nakala nikaipeleka ofisi ya ardhi ya manispaa. Namba ya kiwanja ni ya kitalu kingine kabisa, na mmiliki mwingine kabisa. Hati ni ya kweli, ila ya mtu asiyehusika. Kisha likaja la mirathi: mzee ana ndugu wanne walio hai, na hakuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Yaani hata ningelipa na kupigiwa muhuri, ndugu wangeweza kuja kesho na kesi ingewapa haki. Wengi wetu tunauona muhuri wa mtaa kama hati. Mwenyekiti anashuhudia mauziano tu, umiliki hauthibitishi.

Walio nje ndio wananitia hofu zaidi. Mdogo wangu yuko Muscat. Nilipomsimulia, akanitumia video aliyopewa na rafiki yake huko wiki ileile: mkorosho uleule, kitambaa kilekile, sauti ileile inasema "wahi mzigo huu". Bei milioni 18. Rafiki yake alishaandaa nusu ya hela. Mtu aliye mbali anaona kupitia macho ya dalali na kusikia kupitia mdomo wake. Tafuteni ndugu aende na miguu yake, aongee na mwenye mali dalali akiwa pembeni, tena aongee na majirani wa mipaka yote.

Mimi sasa simpi dalali kazi bila karatasi. Tunaandika anamwakilisha nani, analipwa kiasi gani, analipwa na nani, na kwamba hakuna cha juu. Akikataa kuandika, tumemalizana. Bei naisikia kwa mdomo wa mwenye mali. Hela inaingia akaunti ya mwenye mali, benki, siyo kwenye laini ya shemeji. Mkataba unaandikwa na wakili niliyemtafuta mimi, bei kwa tarakimu na kwa maneno. Kama kuna hati, nafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kishika uchumba. Kama hakuna, namwona afisa mipango miji anioneshe kwenye mchoro eneo limepangiwa nini, maana wapo waliouziwa barabara na maeneo ya wazi. Na mwenye mali akiwa na mwenza, huyo mwenza naye akae mezani.

Nimeripoti polisi, RB (namba ya taarifa yangu kituoni) ninayo. Jina lake siliweki hapa kwa sababu jalada bado liko wazi. Mpaka leo amerudisha laki tatu. Mzee ameanza taratibu za mirathi na ndugu zake, na nimemwahidi kwamba wakimaliza, kama bado anauza, tutaongea bei mimi na yeye, bandani kwake.

Kama ulishatoa hela kwa ajili ya eneo lenye mkorosho huo, niandikie faraghani. Tunza ujumbe wote wa simu, hasa ule wa muamala wenye jina la mpokeaji. Tuko watatu mpaka sasa, na mpelelezi ameniambia malalamiko yakiwa mengi jalada linakuwa na nguvu zaidi.