Aleji ya nyuki na shamba la waridi Usa River: uzoefu wangu

Mwaka 2019 nyuki mmoja aliniuma shingoni kihambani kwa babu, Machame, mibuni ikiwa imechanua nyeupe. Dakika kumi hazikuisha midomo ikavimba, viganja vikawasha, sauti ikakwama kooni. Shangazi alikuwa ameshanipaka kitunguu. Kilichoniokoa ni sindano ya adrenalini niliyochomwa pajani hospitalini, na daktari akaniambia wazi kwamba nikiumwa tena inaweza kuwa mbaya zaidi. Tangu hapo maua nilikuwa nayatazama kwa mbali. Naandika haya kwa sababu nilitafuta habari za mtu mwenye hali yangu aliyewahi kuingia shamba la maua la huku kwetu, nikakosa.

Ziara niliyochukua ni ya nusu siku, kwenye shamba la waridi upande wa Usa River, nje ya mji wa Arusha, shilingi 25,000 kwa mtu pamoja na chai. Tulikwenda mwezi wa saba, mimi na mume wangu.

Siku mbili kabla nilipiga simu. Kijana aliyepokea akanijibu, "Usijali dada, nyuki wa hapa wapole." Jibu hilo halikunituliza hata kidogo. Nyuki wetu hukasirika upesi, na mmoja akishauma huacha harufu inayowaita wenzake, harufu inayokaribiana na ya ndizi mbivu. Nikaomba kuongea na msimamizi. Alikuja mama mmoja, nikamwamkia, nikamweleza. Akaniuliza mambo matatu: una dawa yako mwenyewe? Unayekuja naye anajua kukuchoma? Mara ya mwisho ilikuwaje? Kisha akasema, "Njoo saa moja na nusu asubuhi, mwanangu. Baridi ikiwepo hawatoki." Kwa maswali hayo tu nililipa bila wasiwasi.

Na kweli, asubuhi ile Mlima Meru haukuonekana kabisa, ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Nilivaa shati jeupe la mikono mirefu, suruali ya rangi ya mchanga na viatu vya kufunika. Sikupaka manukato wala mafuta ya kunukia. Nguo nyeusi na zenye manyoya niliziacha nyumbani, kwa kuwa nyuki akiwa na hasira huzifuata hizo kwanza.

Sehemu ambayo nilikuwa naiogopa kuliko zote, yaani ndani ya vitalu vya plastiki, ndiyo iliyokuwa salama kuliko zote. Waridi wa kusafirisha hukatwa ukiwa bado umefumba, mdogo kama kidole gumba, ili ukafungukie huko Ulaya. Ua lililofumba halina cha kumpa nyuki. Nilisimama karibu saa nzima nikimwangalia dada mmoja akikata. Anateremsha vidole viwili kwenye shina, anapapasa hadi apate jani lenye vijani vitano, mkasi unapita juu yake kidogo tu. Hatazami hata mkono wake. Nilimuuliza kwa nini hapo, akasema chipukizi la ua linalofuata linatokea kwenye kikonyo cha jani hilo. Miaka yote ile nilikuwa najinyima kitu kama hiki!

Chumba cha baridi na meza za kupanga maua kwa urefu tulipita haraka, hakuna la kusema zaidi ya kwamba utahitaji sweta.

Lalamiko langu linaanzia saa nne na nusu. Jua lilitoka, na yule kijana wa kututembeza akataka kutupeleka kwenye viwanja vya wazi wanakolima maua ya mbegu. Huko maua huachwa yachanue kabisa na wadudu wanatakiwa wayatembelee. Tukiwa bado njiani nilisikia mvumo, na juu ya mti wa mpakani nikaona mizinga miwili ya magogo imening'inizwa. "Tunapita haraka tu, dada." Nilikataa, nikarudi garini. Mtu aliyeambiwa habari zangu tangu siku mbili nyuma hakupaswa kunibembeleza.

Kisha chai. Ilikuwa imeandaliwa nje, chini ya kibanda kilichofunikwa na maua ya kutambaa: soda zimeshafunguliwa, ndizi mbivu kwenye sahani. Kwenye tundu la kopo la mume wangu alikuwa ametua nyuki, nusu mwili uko ndani. Mtu anakunywa bila kutazama, anaumwa ulimi au koo. Hatari ya siku nzima ilikuwa mezani. Nilimwambia yule mama, na bila ubishi wakahamisha kila kitu ofisini.

Kuhusu dawa: mimi hubeba kalamu mbili za adrenalini za miligramu 0.3, yaani sindano za umbo la kalamu zenye dawa tayari ndani, ambazo dada yangu aliniletea kutoka Uingereza. Hizi zangu unatoa kifuniko cha bluu, ncha ya rangi ya chungwa unaisukuma kwenye paja upande wa nje, hata juu ya suruali, unaishikilia sekunde tatu. Mgonjwa alale, miguu iinuliwe, ila akishindwa kupumua akae. Mwiba ung'olewe mara moja kwa namna yoyote, kwa sababu unaendelea kusukuma sumu. Halafu ni hospitali moja kwa moja, hata ukijisikia nafuu, maana dawa hupungua nguvu na hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Vidonge vya aleji vya setirizini hupunguza muwasho, koo havilifungui. Kalamu usiiache ndani ya gari lililoanikwa juani. Na kabla ya safari nilipiga simu zahanati ya karibu nikauliza kama wana adrenalini siku hiyo. Hospitali ya Mount Meru iko mjini, na foleni ya barabara ya Moshi tunaijua.

Wakati tunaondoka yule mama aliniomba nimfundishe. Nilikuwa na kalamu ya mazoezi isiyo na sindano, wakaishika watu sita, kila mmoja akajichoma pajani, yule kijana naye akarudia mara tatu.

Nawapa nyota nne. Wiki iliyofuata mama alinitumia ujumbe kwamba chai sasa inanywewa ndani. Mwezi wa nane narudi na mama mkwe, saa moja na nusu ileile.